Chai Chachu Katika Bakuli la Kengele

Fundi Saa hasikii. Nakwambia mapema, usije ukagonga mlango wake ukanuna ukidhani mzee ana maringo. Homa kali ilimwacha hai, ikaondoka na masikio yake. Ukitaka kuzungumza naye, simama mbele yake penye mwanga, wala usimung'unye maneno. Atasoma midomo yako. Ukigeuza uso ili kumficha jambo, atakuambia, "Geuka huku, usiniibie maneno."

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nyumba yangu na yake zimeshikana ukuta. Kwa hiyo usiniulize haya nimeyajuaje. Mengine nimeyaona, mengine nimesimuliwa na wenyewe, na mengine yalipita ukutani bila kubisha hodi.

Kila siku Fundi Saa hukaa kwenye meza yake ya kazi, chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mezani kuna bisibisi nyembamba kama sindano, koleo ndogo, na vifuniko vya chupa anamowekea skrubu zisipotee. Huvaa lenzi jichoni. Akishaifungua saa ya mtu, hana habari na dunia.

Chini ya meza hulala Kengele. Huyu ni mbwa wa rangi ya kahawia. Sikio lake moja limesimama, jingine limelala. Jina alilipata kwa sababu ya kazi yake. Mteja akigonga mlango, Kengele huinuka, humgusa Fundi gotini kwa pua, halafu huelekea mlangoni. Maji yakichemka jikoni mpaka kifuniko kikaanza kugonga, Kengele huja kusema hivyo hivyo kwa pua. Fundi alimfundisha mwenyewe tangu akiwa mtoto wa mbwa. Ilimchukua muda mrefu na vipande vingi vya nyama.

Mke wa Fundi Saa ni fundi cherehani. Anashona sare kwenye karakana, hutoka asubuhi na kurudi alasiri. Binti yao ni msusi, ana saluni yake mtaa wa pili. Kwa hiyo mchana kutwa, mzee hubaki peke yake na mbwa.

Jambo hilo lilimnyima binti raha. Alitaka baba yake ahamie kwake. Baba alikataa katakata. Walivutana weee, mpaka wakafika mahali pa kukubaliana.

"Sawa, Baba," binti alisema. "Maadamu Kengele anafanya kazi yake, wewe kaa kwako. Siku akishindwa, unakuja kwangu. Na meza ya saa tunaifunga, maana kwangu hakuna nafasi."

"Nimekubali," mzee alijibu. "Kengele hawezi kushindwa."

Alisema kwa kujiamini. Lakini Kengele alikuwa ameanza kuota mvi mdomoni, na kila mtu nyumbani aliziona. Hakuna aliyezitaja.

Sasa nikueleze habari ya chupa. Yule mke wa Fundi, hapa mtaani tunamwita Mama Chupa. Jina hilo lilianza pale alipojifunza kutengeneza kombucha. Kombucha ni chai iliyochachushwa. Unachemsha chai, unatia sukari, unaiacha ipoe. Halafu unaweka kipande cha utando kutoka kwenye chai ya zamani, unafunika kwa kitambaa, unaiacha siku kadhaa. Utando unakua juu, mweupe, unateleza, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa ila mnene zaidi. Chai yenyewe inakuwa chachu na inatoa mapovu.

Alifundishwa na mwenzake wa karakana. Tumbo lake Mama Chupa lilikuwa likimsumbua. Alipoanza kunywa, likatulia. Basi! Nani angemshika? Rafu ya jikoni ikajaa mitungi ya kioo. Kila jirani akaletewa chupa. Mimi nililetewa. Nikainywa mbele yake, uso ukajikunja wenyewe.

"Vipi, mwalimu?" aliuliza.

"Inaamsha," nilijibu. Sikusema uongo.

Wakati huo huo Kengele akaanza kujikuna sana. Tumbo lake likawa linaharisha. Akawa mvivu kidogo.

"Huyu ana uchafu tumboni," Mama Chupa alisema. "Dawa yake ninayo."

Alichukua bakuli la mbwa. Akamimina kombucha, akaichanganya na supu ya mifupa. Fundi Saa alikuwa mlangoni mwa jikoni.

"Unampa nini mbwa wangu?"

Mama Chupa aligeuka ili mumewe amwone mdomo. "Kombucha. Kidogo tu."

"Ile siki yako? Mbwa hunywa maji, mama."

"Tumbo ni tumbo, baba watoto. Langu lilipona, lake litapona."

"Lako lina miguu miwili."

"Na mdomo wako hauna breki. Mwache mgonjwa anywe."

Kengele alilamba bakuli mpaka likang'aa. Alikuwa ameifuata supu, maskini, lakini Mama Chupa akaona kwamba ameipenda dawa.

Ikawa desturi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, alimimina. Utando ulipozidi kwenye mitungi, hakuutupa. Aliukata vipande, akampa Kengele atafune. Huyu ni mwanamke asiyetupa hata kipande cha uzi. Na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Nataka uelewe hilo kabla hujaanza kumhukumu, kwa sababu na wewe una kitu jikoni kwako unachokiamini hivyo hivyo.

Tumbo la Kengele halikutulia. Likazidi. Akaanza kutapika povu. Mara anahema haraka na kuzunguka chumba bila kutulia, mara amelala fofofo, ukimwita anafumbua jicho moja tu.

"Hiyo ni dawa inamsafisha," Mama Chupa alimwambia mumewe. "Uchafu lazima utoke kwanza."

Akaongeza kipimo.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, msomaji wangu. Mgonjwa alizidiwa, naye akaona dawa inafanya kazi. Dawa ya namna hiyo haipatikani na hatia kamwe. Mgonjwa akipata nafuu, sifa ni zake. Mgonjwa akizidiwa, sifa bado ni zake. Mimi nilimwona Kengele akiyumba pale uani, nikadhani ni uzee. Sikuuliza.

Siku moja mchana binti alikuja kumwona baba yake. Alikuta dereva wa lori amesimama mlangoni.

"Nimegonga mpaka mkono unaniuma," dereva alisema. "Nimekuja kuchukua saa yangu. Mzee hayupo?"

Binti hakumjibu. Alizunguka nyumba mbio, akaingia kwa mlango wa jikoni. Moshi ukampiga usoni. Jikoni kulikuwa na birika motoni. Maji yalikuwa yamekauka zamani, birika limekuwa jeusi, na kitambaa cha kushikia vyombo vya moto kimeanza kuungua pembeni. Alizima jiko, akakimwagia kitambaa maji, akakimbilia chumba cha mbele.

Baba yake alikuwa ameinama juu ya saa, lenzi jichoni. Alikuwa ametulia tuli. Chini ya meza, Kengele alikuwa anajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ilisimama, ya nyuma ikakataa. Akaanguka. Akajaribu tena. Mate yalikuwa yanamtiririka. Alikuwa amesikia kila kitu, mlango na birika, na alikuwa anajitahidi kufika kwenye goti lililokuwa hapo hapo juu yake.

Binti alimgusa baba yake begani. Mzee alishtuka.

"Umeingiaje?"

"Kwa jikoni, Baba. Birika limeungua. Nyumba ingeungua na wewe ukiwa ndani!"

Mzee alimtazama binti yake. Kisha akatazama chini ya meza. Akavua lenzi, akapiga magoti sakafuni, akamshika Kengele kichwa kwa mikono miwili.

"Inuka," alimwambia. "Inuka, mzee mwenzangu. Usinifanyie hivi."

Nilimsikia kutoka upande wangu wa ukuta. Niliacha nilichokuwa nakifanya nikatoka nje.

Binti alimpigia simu mama yake. Mama Chupa alikuja mbio, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Alipomwona Kengele, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu akachukua chupa.

"Nimpe kidogo apate nguvu," alisema.

"Mama, weka chini hiyo chupa."

"Lakini mwanangu..."

"Mtazame anavyoyumba. Ni dawa gani hiyo inayomlewesha mgonjwa?"

Mama Chupa alibaki ameishika chupa hewani. Nadhani lile neno lilimwingia. Aliiweka mezani taratibu.

"Basi tumpe maziwa," alisema kwa sauti ndogo. "Au mafuta, atapike."

"Hatumpi kitu kingine. Twende kwa daktari wa mifugo, na hiyo chupa tunakwenda nayo."

Dereva wa lori alikuwa bado yuko pale. Alikuwa amesahau saa yake. "Pandeni," alisema. "Lori ni kubwa, mtaenea wote." Walimfunga Kengele kwenye blanketi, wakampakia. Nami nilipanda. Usiniulize nilikwenda kufanya nini.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana, amevaa buti za mpira. Chumba chake kilinuka dawa ya kusafishia. Kulikuwa na meza ya chuma na mzani mkubwa sakafuni.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Mlazeni hapa."

Alifungua mdomo wa Kengele akatazama fizi. Alimsikiliza moyo. Alimpima joto. Alimgonga tumbo kwa vidole, likalia kama ngoma.

"Moyo unakwenda mbio," alisema. "Mwili umepoa. Tumbo limejaa gesi. Amekula nini?"

Mama Chupa alitazama sakafu.

"Chakula cha nyumbani tu," alisema mwishowe. "Mifupa. Supu."

"Amelamba sumu ya panya? Dawa za watu? Pombe?"

"Pombe!" Mama Chupa aliruka. "Kwangu hakuna mlevi, daktari."

"Mama, mimi sitafuti mtu wa kumgombeza. Nikijua alichokula, nitajua pa kuanzia. Nikibahatisha, anaweza kunifia hapa mezani."

Mama Chupa angeweza kujibu akiwa amempa mumewe mgongo. Mzee asingejua. Lakini alizunguka meza, akasimama pale mumewe alipoweza kumwona vizuri, ndipo akasema.

"Nimekuwa nikimpa kombucha. Kila asubuhi. Na utando wake pia. Nilidhani namtibu."

Binti aliiweka chupa mezani. Daktari aliifungua, akanusa.

"Kiasi gani?"

"Kama nusu bakuli. Asubuhi tu."

Daktari alikunja uso. "Asubuhi tu, mama? Naona kama amepata zaidi ya hapo."

"Haki ya Mungu, asubuhi tu."

"Na mchana," Fundi Saa alisema.

Wote tuligeuka.

"Mchana nilikuwa nampa mimi."

"Wewe?" Mama Chupa alishika kiuno. "Wewe uliyeiita siki?"

"Nilikuwa namwona analala sana. Kila akilala, moyo wangu unapiga. Nikasema, labda mke wangu anajua nisilolijua mimi. Nikamimina. Akalala tena, nikamimina tena. Leo asubuhi nimempa mara nyingi, hata sijui ngapi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka. Halafu ungejua kwamba naogopa."

Hakuna aliyecheka. Binti aligeukia dirisha, na nilimwona akijifuta macho kwa kiganja. Alijua baba yake alikuwa anaogopa nini. Yale masharti alikuwa ameyaweka yeye.

Daktari alimwekea Kengele dripu mguuni. Akamfunika blanketi, akamwekea chupa za maji ya moto pembeni, zilizozungushiwa taulo. Akampitishia mpira mwembamba mdomoni mpaka tumboni ili gesi itoke. Alipomaliza, alivuta kiti akakaa mbele ya wazee wale. Aliongea polepole, midomo yake ikionekana vizuri.

"Sasa niwaambie. Chai ikichachuka, sukari yake haipotei hivi hivi. Sehemu inageuka kuwa pombe. Sehemu inageuka kuwa tindikali, ndiyo ule uchachu. Na inatoa gesi."

"Lakini daktari," Mama Chupa alisema, "mimi nainywa kila siku na sijalewa hata siku moja."

"Kwako ni kidogo, mama. Simama kwenye mzani wangu, halafu tumpime Kengele. Kikombe chako kwake ni ndoo. Tena mwili wa mbwa haujui kupambana na pombe kama wako. Kidogo tu kinamyumbisha, kinamtapisha, kinamshusha joto la mwili. Kikizidi, anaacha kupumua."

Mama Chupa alijishika kifua.

"Halafu kuna ile chai yenyewe," daktari aliendelea. "Unajua kwa nini watu hunywa chai asubuhi?"

"Ili wachangamke."

"Basi kile kitu kinachochangamsha, mbwa na paka hawakiwezi. Kinawakimbiza moyo. Wanahangaika, hawatulii, hata kutetemeka."

"Kumbe kule kuzunguka chumba..." binti alisema.

"Ndiyo hiyo. Na utando mliokuwa mnampa ni mbaya zaidi. Una chachu hai. Unaweza kuendelea kuchachuka tumboni, na gesi ikajaa. Tumbo la mbwa likivimba hivyo, anaweza kufa upesi sana. Isitoshe, chai ya nyumbani hakuna anayejua kipimo chake. Mtungi huu umekaa penye joto, una pombe zaidi. Mtungi ule kitambaa chake kilikuwa kichafu, umeota ukungu. Wewe unaonja unasema ni ile ile. Siyo ile ile."

"Na nikitia zabibu?" Mama Chupa aliuliza. "Huwa natia, inanoga."

"Usinitishe, mama. Zabibu zinaharibu figo za mbwa. Hata mbichi, hata kavu."

"Na ile ya dukani?" binti aliuliza.

"Hiyo nayo ni ya watu. Na nyingine zinatiwa sukari ya bandia ambayo kwa mbwa ni sumu. Mbwa, paka, sungura, ndege wa kufugwa, wote kinywaji chao ni maji safi. Basi."

Fundi Saa aliinua mkono kama mwanafunzi. "Tungefanya nini sisi? Siku ile tumbo lake lilipoanza?"

"Mngemleta. Au mngeniletea kinyesi kidogo kwenye kikopo chenye kifuniko. Huyu anajikuna, ana viroboto, nimewaona. Na kuharisha kule nina hakika ni minyoo, lakini nitapima. Dawa zake zipo, wala si ghali. Na mbwa akiwa amekwisha kunywa kitu kisicho chake, msimlazimishe kutapika. Msimnyweshe maziwa wala mafuta. Ondoeni kilichobaki, mtulizeni, mfunikeni, mmlete haraka. Na mje na chupa kama mlivyofanya leo. Chupa hii imeniokolea muda."

"Atapona?" mzee aliuliza.

Daktari hakumdanganya. "Sijui bado. Mwacheni kwangu."

Siku zile Kengele alipokuwa kwa daktari, Fundi Saa alikaa saluni kwa binti yake. Masharti ni masharti. Meza yake ya kazi ilifunikwa shuka. Pale saluni alipewa kiti kizuri karibu na mlango. Mteja mmoja, kwa wema wake, akamwongezea sauti ya redio. Mzee akamshukuru.

Mikono yake haikuwa na kazi. Alichukua vibanio vya nywele kwenye sahani, akavifungua kimoja kimoja, akanyoosha springi zake, akavirudisha. Alipomaliza vyote, alianza upya. Binti alikuwa anasuka na kumtazama kwenye kioo. Aliniambia baadaye kwamba alimsuka mteja vibaya siku hiyo, ikabidi afumue.

Mama Chupa naye hakukaa bure. Bakuli la mbwa alilisugua mpaka basi. Mitungi yake aliitoa kwenye rafu ya chini, akaipandisha kabatini juu na kuweka komeo. Utando uliozidi aliutia kwenye pipa lenye kifuniko kizito. Kombucha hakuiacha, ni yake na anaipenda. Lakini sasa kila anayempa chupa humwambia, "Ukiwa na mnyama nyumbani, hii isimfikie." Kule karakana aliwasimulia wenzake habari yote, bila kujificha nyuma ya mtu. Yule mwenzake aliyemfundisha aliachia kanyagio la cherehani.

"Paka wangu hulamba glasi yangu kila jioni," alisema.

"Basi leo osha glasi mapema, shoga yangu."

Kengele alipona. Dripu ilimsaidia, joto likarudi, moyo ukatulia. Kipimo cha kinyesi kilionyesha minyoo, kama daktari alivyosema. Akapewa dawa ya minyoo na ya viroboto. Siku ya kwenda kumchukua, alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akatikisa mkia mpaka kiuno kikatikisika nacho. Fundi Saa alilia waziwazi. Hakujali nani anamwona.

"Hili limekwisha," daktari alimwambia. "Lakini ni mzee huyu. Uzee sina dawa yake. Atalala zaidi, na siku nyingine hatasikia mlango. Msimwamshe. Mwacheni apumzike."

Mzee alisoma midomo ile mpaka neno la mwisho. Nje, alimsimamisha binti yake.

"Nimeelewa," alisema. "Nitahamia kwako. Kesho njoo tuifunge meza. Bisibisi zangu nitamwachia kijana yeyote anayezitaka."

"Hapana, Baba."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana vibaya." Binti alimshika baba yake mikono, akasimama penye mwanga. "Nilimtwika mbwa mzigo wangu. Nilisema akishindwa yeye, wewe unapoteza kazi yako na nyumba yako. Mama akaogopa. Wewe ukaogopa. Kila akisinzia mkawa mnamnywesha. Mimi sikushika chupa, Baba, lakini woga wenu niliuleta mimi."

Mama Chupa alikuwa anapangusa pua kwa ncha ya kanga.

"Sasa tufanyeje?" mzee aliuliza.

"Wewe unatengeneza saa za mtaa mzima. Taa ya mlangoni ingekushinda? Mtu akibonyeza kitufe nje, taa inawaka mezani kwako."

"Haijawahi kunishinda. Sikuitaka. Taa haiji kukuegemea mguu."

"Kengele atakuegemea akitaka. Asiegemee kwa lazima."

Mzee alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Umejifunza wapi kusema namna hiyo?"

"Kwa mama yangu."

Taa aliitengeneza mwenyewe kwa siku moja. Moja ya mlango, mezani. Ya pili, ya jikoni, aliikataa. Badala yake binti alinunua birika la umeme linalojizima. Na simu ya mzee ikawekwa itetemeke mfukoni. Saluni haendi tena kushinda, labda akitaka kunyoa ndevu.

Juzi saa yangu ya mkononi ilisimama. Nikaenda mlango wa pili, nikabonyeza kitufe. Kupitia dirishani niliona taa inawaka. Fundi Saa aliinua kichwa, akavua lenzi, akaja kunifungulia mwenyewe.

Chini ya meza Kengele alikuwa amelala chali, miguu hewani, hana habari na mimi. Pembeni yake kulikuwa na bakuli la maji.

"Anaumwa tena?" niliuliza, uso kwa uso.

"Nani? Huyu? Ana siha kuliko mimi na wewe. Amelala tu."

Alipokea saa yangu, lakini hakuifungua mara moja. Aliinama akamtazama mbwa wake.

"Unajua, mwalimu, zamani nikimwona amelala hivi nilikuwa nakimbilia chupa. Nilikuwa namuua kidogo kidogo kwa sababu nilitaka abaki nami. Sasa nikimwona amelala, nakaa namtazama tu, nafurahi. Hebu pita huku, usimkanyage mkia."